Jinsi ya Kuuliza Swali Bungeni Likajibiwa

(Hotuba ya Katibu wa Tawi mbele ya wajumbe wa viwandani. Imechapwa hapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa kazini siku hiyo wasiweze kuja.)



Wengi wenu mwamjua yule mwenzetu wa zamu ya usiku ambaye mkewe alijifungua mwaka 2025. Sitamtaja jina, wala kiwanda chake. Alifika hospitali na hati zake za mshahara mkononi, na kila hati ilionyesha kwamba amekatwa fedha za bima ya afya. Karani akatazama kompyuta yake akasema, "Mzee, hapa hujalipiwa miezi mitatu." Fedha zilitoka katika mshahara, lakini hazikufika katika Mfuko. Mwenzetu akakopa kwa jamaa, akauza baiskeli yake, na mama na mtoto wakarudi nyumbani salama. Lakini deni bado analo.

Tulipopata habari hiyo, sisi wa kamati tulikasirika sana, tukamwandikia Mbunge wetu barua ya kurasa mbili. Tulitaka aende kuiuliza Serikali. Baada ya siku kadhaa akatuita, akatuambia hivi: "Ndugu zangu, kilio chenu nimekisoma, lakini swali mnalotaka niulize liko wapi?" Tukaitazama barua yetu tena. Ilikuwa na uchungu mwingi, na neno "dhuluma" mara saba. Haikuwa na tarehe hata moja, wala kiasi cha fedha, wala jambo ambalo Waziri angelazimika kulijibu. Angeweza kusema tu kwamba Serikali inalijua jambo hilo na inalishughulikia, nasi tungebaki mikono mitupu.

Basi leo nataka tuzungumze juu ya kuuliza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nami naongeza kwamba kuuliza bila matayarisho ni hasara.

Ndugu zangu, haki hii ya kuuliza haikuokotwa njiani. Baraza la Kutunga Sheria lilianza katika nchi hii mwaka 1907, na Mwafrika wa kwanza, Bwana Eliud Mathu, hakuingia mpaka mwaka 1944, naye aliteuliwa, hakuchaguliwa. Waafrika walichagua wajumbe wao wa Baraza hilo mara ya kwanza mwezi wa Machi 1957, nao walikuwa wanane tu. Mmoja wao alikuwa Tom Mboya, aliyekuwa wakati ule Katibu Mkuu wa Kenya Federation of Labour. Kwa hiyo chama cha wafanyakazi na swali la Bungeni ni marafiki wa tangu zamani.

Mwaka 1974 Kiswahili kiliruhusiwa Bungeni, na Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 120, imekitaja kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba swali lako halifai kwa sababu umeliandika kwa Kiswahili. Tena, zamani Mawaziri walikuwa Wabunge, wakijibu maswali wakiwa ndani ya Bunge. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2013 Mawaziri hawakuwa tena Wabunge, na maswali yakapelekwa kwenye Kamati. Tangu mwaka 2023 Mawaziri wameitwa kuingia ukumbini wenyewe na kujibu. Na Kifungu cha 153 kinamlazimisha Waziri kufika mbele ya Kamati anapoitwa, na kujibu swali lolote juu ya kazi aliyopewa.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi hupotea. Milango ya kuuliza ni mitatu, na kila mlango una mambo yake.

Mlango wa kwanza ni Bunge la Taifa, kwa njia ya Mbunge. Hapo huulizwa habari za sheria za nchi, siasa ya afya ya taifa, hospitali kuu za rufaa, na makato ya bima.

Mlango wa pili ni Seneti, kwa njia ya Seneta. Kazi ya Seneti ni kulinda kaunti zote 47, na hasa jinsi fedha za nchi zinavyogawanywa baina yao.

Mlango wa tatu ni Baraza la Kaunti, kwa njia ya Mwakilishi wa Wadi. Zahanati ya mtaani kwako, gari la wagonjwa, dawa na wauguzi wa kaunti, hayo yote ni mambo ya kaunti. Ukimwuliza Waziri wa Nairobi kwa nini zahanati yenu haina dawa, atakujibu kwamba hiyo ni kazi ya kaunti, na atakuwa amesema kweli. Nawe utakuwa umepoteza zamu yako.

Haikuwa hivyo siku zote. Baada ya Uhuru, mabaraza ya wilaya ndiyo yaliyoendesha zahanati nyingi za mashambani. Sheria ya mwaka 1969 ikayanyang'anya kazi za afya, shule za msingi na barabara, na kuanzia Januari 1970 kazi hizo zikawa za Serikali Kuu. Kwa zaidi ya miaka 40 dawa ya kijijini ilingojea amri ya Nairobi. Kaunti zilipoanza mwaka 2013, zahanati zikarudi karibu na wananchi. Lakini kurudi kwa zahanati ni jambo moja, na kufika kwa fedha ni jambo jingine.

Katiba inasema kwamba kaunti zipewe si chini ya shilingi 15 katika kila shilingi 100 za mapato ya Serikali, kwa hesabu ya mwisho iliyokaguliwa na kukubaliwa na Bunge la Taifa. Fedha hizo hazikuandikwa juu yake "hizi ni za dawa". Baraza la Kaunti ndilo linaloamua ngapi ziende kwa afya na ngapi kwa mambo mengine. Ndiyo sababu twasikia wimbo ule ule kila mwaka: huku wasema fedha zimetumwa, kule wasema fedha zimechelewa, na mgonjwa yuko katikati. Dawa yake ni kuuliza swali moja katika milango miwili. Seneta aulize Hazina ilituma fedha za kaunti yetu tarehe gani, na kiasi gani. Mwakilishi wa Wadi aulize kaunti ilipokea tarehe gani, na ni shilingi ngapi zilizonunua dawa. Kisha weka majibu yote mawili juu ya meza moja. Yakipishana, hapo ndipo pa kushika.

Kuna mfuko mwingine ambao wengi hawaujui, nao ni Mfuko wa Usawazishaji wa Kifungu cha 204. Huo ni senti 50 katika kila shilingi 100 za mapato ya taifa, kwa ajili ya maji, barabara, vituo vya afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma. Tume ya Ugavi wa Mapato ilipochagua sehemu hizo mara ya kwanza, ilizitaja kaunti 14, na miongoni mwake zilikuwamo Turkana, Mandera, Tana River, Lamu, Kwale na Kilifi. Lakini Katiba iliupa mfuko huu miaka 20 tu, maana yake mpaka mwaka 2030, isipokuwa Bunge liuongezee muda. Kwa wenzetu waliotoka sehemu hizo kuja kufanya kazi mjini, hili ni swali la kuuliza mapema: katika wadi ya kwetu, ni kituo gani cha afya kilichojengwa kwa fedha hizo, na kimekwisha?

Sasa nije kwenye usawa, na hapa nataka tuwe wakweli. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 twakatwa shilingi 2 na senti 75 katika kila shilingi 100 za mshahara kwa ajili ya Mfuko wa SHIF. Nimesikia mwanachama akisema, "Makato mapya yamewaumiza watu wote wa mshahara mdogo." Ndugu, chukua kalamu. Mtu wa shilingi 20,000 alikuwa akikatwa 750 katika NHIF, na sasa hukatwa 550. Huyo amepunguziwa. Meneja wa shilingi 400,000 alikuwa akikatwa 1,700 tu, na sasa hukatwa 11,000. Ukisimama ukasema wote wameumizwa, Waziri atakusomea hesabu hiyo, na swali lako litaanguka mbele ya watu.

Lakini dosari ipo, ila iko mahali pengine. Sheria imeweka kiwango cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi. Mtu apataye shilingi 8,000 akilipa 300, amelipa shilingi 3 na senti 75 katika kila mia. Meneja hulipa 2 na senti 75. Yaani aliye chini ametoa sehemu kubwa zaidi ya riziki yake kuliko aliye juu. Tena tajiri haongezi hata senti yake juu ya mchango wa mfanyakazi. Na mama anayeuza mboga nje ya lango la kiwanda hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mara moja, ambayo si chini ya shilingi 3,600. Kifungu cha 27 cha Katiba chasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Hilo ndilo swali la usawa, nalo lina hesabu yake.

Kwa hiyo, wajumbe, shikeni mambo manne:

1. Swali liombe habari au hatua, wala lisihubiri. Spika aweza kulikataa swali lililojaa maoni, au lililo mbele ya korti.

2. Swali liwe na tarehe, mahali na kiasi.

3. Swali liwe na vipande, (a), (b) na (c), ili akikwepa kimoja kionekane hakikujibiwa.

4. Swali limalizike kwa "kabla ya tarehe gani?" Ahadi isiyo na tarehe haina mwenyewe.

Na tuliangalie jambo la wakati. Makadirio ya fedha ya kaunti hupelekwa Barazani kabla ya mwisho wa Aprili. Anayeuliza habari ya dawa mwezi wa Julai amekuta chungu kimekwisha kuepuliwa. Na Mbunge akikataa kuuliza, Kifungu cha 119 chawapa ninyi wenyewe haki ya kupeleka ombi Bungeni, lile ambalo wazee wetu waliliita arzihali.

Sasa nimalize habari ya mwenzetu. Tulikaa tena, tukakusanya hati za mshahara, tukaandika hivi: Waziri aeleze (a) ni waajiri wangapi wa kaunti yetu waliokata michango kati ya Januari na Juni 2025 bila kuifikisha kabla ya tarehe 9 ya mwezi uliofuata, (b) ni wangapi waliochukuliwa hatua, na hatua gani, (c) mfanyakazi aliyelipa hospitali kwa kosa la tajiri atarudishiwaje fedha zake, na kabla ya tarehe gani. Nakala moja tulimpa Mbunge, na nyingine tukampa tajiri. Kabla ya wiki mbili kwisha, tajiri alilipa miezi yote mitatu.

Lakini msishangilie bado. Fedha za mwenzetu hazijarudi, na kipande (c) bado hakijajibiwa. Tena tulipokusanya hati tuliona kwamba wanawake wa usafi na vibarua wa kupakia hawakuwa na hati hata moja ya kutuonyesha. Wao hatukuweza kuwaandika, nao ndio wenye shida kuliko sisi.

Kwa hiyo kila mjumbe aondoke hapa na kazi. Kila mwezi, ikipita tarehe 9, chunguza kama michango ya wenzako imefika. Waandike vibarua wa idara yako kwa majina, siku walizofanya na fedha walizopewa, kwa daftari la mkono likiwa ndilo lililopo. Lete daftari hilo mkutano ujao, tutunge swali la pili pamoja.

Umoja ni nguvu.