Kuku wa Mtoto na Mwana-kondoo wa Maskini

(Dominika ya 11, Mwaka C)

Wapendwa wasikilizaji, katika somo la kwanza la Dominika hii tunamsikia nabii Nathani akimkemea mfalme Daudi. Somo linaanzia pale mfalme anapoambiwa kwamba mtu mwovu aliyemhukumu ni yeye mwenyewe. Hadithi iliyotangulia hatusomewi leo, ingawa ndiyo iliyomnasa. Basi tuikumbuke. Palikuwa na tajiri mwenye makundi ya kondoo na ng'ombe, na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja tu wa kike. Mwana-kondoo huyo alikua pamoja na watoto wa yule maskini, akila katika tonge lake na kulala kifuani pake, hata akawa kwake kama binti. Siku moja tajiri alifikiwa na mgeni. Akaona uchungu kuchinja mnyama wake mwenyewe, akamtwaa yule wa maskini, akamwandalia mgeni.

Tunapoisikia hadithi hii tunamtazama tajiri, kisha tunamhurumia maskini. Ni nadra kumfikiria mgeni. Yeye alikula, akashiba, akashukuru, akaenda zake. Leo tunataka kumzungumzia mgeni huyo, kwa kuwa siku moja mgeni huyo tulikuwa sisi.

Miaka mingi imepita. Tulikwenda kuadhimisha Misa katika kigango cha mbali. Tulikuwa watatu, padre, katekista na mwalimu wa kwaya. Baada ya Misa tulikaribishwa nyumbani kwa mzee wa kigango. Kulikuwa na ugali, mboga, na kuku wa mchuzi. Nasi tuliwekewa firigisi, kama ilivyo desturi ya kumheshimu mgeni. Tulipokuwa tukinawa mikono, tulimwona mtoto wa kiume wa miaka kama minane amesimama nyuma ya mlango, macho yamemvimba kwa kulia. Tulimwita aje ale pamoja nasi. Hakuja. Mama yake aliona haya, akasema, "Msimjali, Baba Padre, ni mambo ya kitoto tu. Analilia kuku wake." Nasi tulicheka. Tulimwambia mtoto kwamba Mungu atampa mwingine, kisha tukala.

Wakati wa kuaga, bibi yake alitusindikiza, naye ndiye aliyetusimulia habari yote. Mwaka uliotangulia, kideri kilipita kijijini kikamaliza kuku wa nyumba ile. Kilibaki kifaranga kimoja tu, cha wale kuku wa kishingo wasio na manyoya shingoni. Mtoto alikichukua, akakilaza katika kikapu karibu na mafiga, na kila asubuhi akaenda kukichimbia mchwa. Kifaranga kikakua, kikawa mtetea, naye akampa jina la Bibi Kishingo. Mtetea huyo alimfuata mtoto hadi kisimani, na jioni aliposikia sauti yake akirudi kutoka shuleni, alimkimbilia njiani. Siku ile tulipofika, kuku wengine walionunuliwa baadaye walitorokea migombani. Baba alimkamata Bibi Kishingo, kwa sababu ndiye peke yake asiyemkimbia mtu.

Wapendwa, wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Je, siku ile nani alipona? Tulirudi parokiani bila kuzungumza sana.

Baadaye tulirudi kigangoni na tembe mzuri mwekundu. Mtoto alimpokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa adabu. Kisha akauliza, "Baba Padre, na huyu naye ni wa wageni?" Katekista alitazama chini. Tulimjibu kwamba huyu ni wake, na kwamba hatachinjwa pasipo yeye mwenyewe kuridhia. Baba yake alikuwapo, akaitikia mbele yetu. Lakini tuliona wazi kwamba tulichokivunja hakikurudishwa na tembe yule. Daudi alitamka kwamba mwana-kondoo alipwe mara nne. Nasi tulijifunza kwamba hata mara nne haimfufui aliyependwa.

Je, tunasema basi watu wasile kuku? La, hasha. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha kwamba ni halali kuwatumia wanyama kwa chakula na mavazi. Yafundisha pia kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu, kwamba tunawiwa kuwatendea kwa wema, na kwamba kuwatesa bila sababu kunapingana na hadhi yetu wenyewe. Tena yasema kwamba mtu aweza kuwapenda wanyama, bali asiwape upendo uwapasao wanadamu peke yao. Yule mtoto hakukosea katika hayo. Hakumweka kuku mahali pa mama yake wala pa ndugu zake. Alijifunza kuamka mapema kwa ajili ya mwingine, kumtafutia chakula kabla ya kutafuta chake, na kuwa mwaminifu kwa kiumbe dhaifu. Hiyo ni shule ya upendo, nasi watu wazima tuliingia katika shule hiyo tukacheka.

Hapa ndipo ilipo dhambi ya tajiri wa Nathani. Ukarimu unaotolewa kutoka katika mali ya mnyonge si ukarimu. Mtoto ni mnyonge wa nyumba. Hana sauti barazani, na mara nyingi haulizwi. Wazazi, mkimpa mtoto kuku, mmempa kweli. Siku ya haja ikifika, mketi naye, mwambieni shida ya nyumba, mngojeni akubali. Huenda akalia, lakini atakuwa ametoa sadaka. Asipoulizwa, atakuwa ameporwa na watu anaowaamini.

Nanyi makatekista, msione haya kuanzia uani mnapowafundisha watoto Injili. Mataifa hupenda kujifananisha na simba na tai. Bwana wetu, alipouomboleza mji wa Yerusalemu, alijifananisha na kuku atakaye kukusanya vifaranga vyake chini ya mbawa zake. Habari hiyo yapatikana katika Injili ya Mathayo na ya Luka. Mtoto aliyefuga anaifahamu. Ameliona koo likiatamia kwa siku 21, likitoka kwa muda mfupi tu kula na kunywa, kisha likirudi kuyageuza mayai kwa mdomo. Amesikia vifaranga vikilia ndani ya ganda kabla ya kuanguliwa, na koo likiviitikia kabla halijaviona. Ameona mwewe akipita juu ya uwanja, na mbawa zikitandazwa. Mwulizeni, "Kifaranga kikikataa kuja, koo hufanyaje?" Jibu lake litakuwa katekesi nzuri.

Upendo huo uonekane pia kwa matendo. Kideri huzuilika kwa chanjo ya tone la jicho, inayorudiwa kila baada ya miezi michache kama mtaalamu wa mifugo anavyoelekeza. Anayesema awapenda kuku wake, asingoje mpaka wafe ndipo alie. Hali kadhalika, tuwaonee huruma kuku wanaofungwa miguu na kuning'inizwa vichwa chini juu ya baiskeli toka alfajiri hadi mnadani. Nchini Tanzania, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu mwaka 2008. Bali dhamiri ya Mkristo yapaswa kuamka kabla ya sheria.

Katika Injili ya leo Yesu naye ni mgeni mezani, nyumbani kwa Simoni Mfarisayo. Kuna mwanamke analia. Simoni anamdharau, Yesu anageuka, anamtazama, anamuuliza mwenyeji wake kama amemwona. Hivyo ndivyo mgeni mwema alivyo. Haangalii sahani tu. Humwona anayelia, naye hauoni udogo wa machozi.

Sisi siku ile hatukugeuka. Tunamwomba Mungu atusamehe, na tunamwomba msamaha mtoto yule, ambaye sasa ni mtu mzima, iwapo anatusikiliza. Leo tutakapoikaribia Meza ya Bwana, tumkumbuke Mgeni ambaye hakumnyang'anya maskini mwana-kondoo wake, bali amejitoa mwenyewe kuwa Mwanakondoo na chakula chetu. Atukusanye sote chini ya mbawa zake, wala tusikatae kuja.

Tumsifu Yesu Kristo!