Kodi ya Miezi Sita na Mshahara wa Mwezi Mmoja
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Arusha)



Twashukuru kupewa ruhusa ya kusema machache juu ya jambo limpasalo kila mtumishi aliyehamishiwa hapa asiye na nyumba yake, yaani kupanga.

Wageni hudhani kwamba Arusha, kwa kuwa si kubwa kama Dar es Salaam, vyumba ni tele. Sivyo. Katika hesabu ya mwaka 2012 jiji hili lilikuwa na watu 416,442. Katika ile ya 2022 walikuwa 617,631. Watu hao wote wahitaji pa kulala.

Taabu yetu ya kwanza ni kwamba mshahara hulipwa kwa mwezi, bali kodi hutakiwa ya miezi sita mbele, pengine ya mwaka mzima. Tuseme chumba ni shilingi 60,000. Miezi sita ni 360,000, na dalali akitaka ujira wa mwezi mmoja, jumla ni 420,000, na godoro bado halijanunuliwa. Basi mtu huingia chumbani na katika deni siku moja.

Ilikuwako sheria ya mwaka 1984 ya kuzuia kodi zisipandishwe ovyo, nayo ilifutwa mwaka 2005. Kwa hiyo ngao ya mpangaji ni mapatano yake na mwenye nyumba. Lakini sisi tunaoandika barua za watu kutwa, wengi wetu twalala katika vyumba tusivyo na hata karatasi moja ya kuvishuhudia. Mwenzetu mmoja alilipa miezi sita mkononi bila stakabadhi. Mwezi wa tatu mwenye nyumba alifariki, na warithi wakasema hawana habari ya fedha hizo. Akahama na watoto wawili mwezi wa Julai, katika baridi kali ya hapa.

Taabu ya pili ni maji. Meru ni mlima wa volkano, na maji ya sehemu nyingi kandokando yake yana floridi, ambayo ikizidi huyatia meno ya watoto rangi ya kahawia na kuidhuru mifupa. Kuyachemsha hakuiondoi. Basi kabla ya kuuliza kodi, ulizeni maji yatoka wapi, na kama yamepimwa.

Hata hivyo haifai kuwalaumu wenye nyumba peke yao. Wengi walijenga chumba baada ya chumba kwa akiba ndogo kama zetu, na mpangaji atorokaye usiku na deni ndiye aliyewafundisha kudai kodi ya mbele.

Kwa hiyo twaleta mashauri matatu. Kwanza, asiwepo mwanachama alipaye kodi bila mapatano yaliyoandikwa na stakabadhi. Pili, chama kiweke mfuko wa kodi, kila mmoja atie kidogo kila mwisho wa mwezi, na mwenye haja akopeshwe, arudishe kwa miezi sita. Tatu, anayehamishwa atuarifu mapema, ili mwenzake akishike chumba kwa idhini ya mwenye nyumba, pasipo dalali.

Haba na haba hujaza kibaba. Twaomba wenye maoni wayatoe, tena leo, kwa maana kodi ya Januari haiko mbali.