Mulima Unywe Kwanza

Mazungumzo na wagonjwa na walinzi wao kwenye baraza ya hospitali, asubuhi mbele ya kazi ya kupima



Leo hatutasema juu ya dawa. Tutasema juu ya mulima. Pengine mutauliza: munganga anatafuta nini kule ku mulima? Mungoje kidogo, mutaona.

Kila mwaka, tangu mwezi wa saba, vitanda vya watoto vinajaa. Mutoto anaharisha, macho yameingia ndani, ukivuta ngozi ya tumbo hairudi upesi. Tunamupa maji ya chumvi na sukari, na wengi wanapona. Lakini tukiuliza mama, "Munachota maji wapi?" anajibu: "Mbele tulikuwa tunachota ku chemchem. Sasa ilikauka. Tunashuka kule bondeni, pale ngombe wanakunywa." Mutoto anapona, anarudi kwao, anakunywa maji yale yale. Nyuma ya majuma matatu tunamuona tena. Mara ingine hatumuone tena, na ninyi munajua maana yake.

Basi, ugonjwa ule haukuanza hapa kitandani. Ulianza siku chemchem ilikauka. Kama tunataka kuupiga vita, tuulize kwanza: juu ya nini chemchem inakauka?

MAJI YA CHEMCHEM INATOKA WAPI?

Wengine wanasema nyoka aliyelinda chemchem amehama. Wengine wanafikiri ndani ya mulima kuna ziwa kubwa lisiloisha. Hapana. Maji ya chemchem ni mvua. Ni ile mvua iliyoanguka kule juu miezi iliyopita, pengine miaka iliyopita, ikaingia udongoni, ikapita polepole katikati ya muchanga na mawe, mpaka ikapata mahali pa kutokea. Mulima ni tangi letu. Chemchem ni robine yake tu. Kama hakuna anayejaza tangi, robine itatoa nini?

Muangalie mabeseni haya mawili. Yote mawili yametobolewa chini, na yote yana udongo wa shamba moja. Hili la kwanza tumelifunika majani. Hili la pili tumekanyaga udongo wake kwa miguu, kama njia ya ngombe. Tunayainamisha yote, tunamwanga litri moja kwa kila moja. Munaona? Kwa beseni la pili maji inakimbia juu, inamwangika chini, nyekundu kama chai, na chini ya matundu hakuna kitu. Kwa beseni la majani maji inaingia yote. Sasa sikiliza: to, to, to. Hata tutakapomaliza kusema, itakuwa bado inatonya. Hiyo ndiyo chemchem ya mwezi wa nane.

Mulima wetu umekuwa kama beseni la pili. Miti imekatwa kwa makala. Mashamba yamelimwa kwa kufuata muteremko, na kila musitari wa jembe umekuwa mufereji. Mvua inapiga udongo uchi, inakimbia mutoni, inachukua hata mbolea yetu. Na mahali pengine, karibu kabisa na chemchem, tulipanda mikaratusi. Muti ule ni mzuri kwa nguzo na kuni, lakini mizizi yake inakunywa sana. Mahali pake si juu ya jicho la maji.

TUHESABU PAMOJA

Mvua moja nzuri ya mchana inaweza kumwanga litri 20 juu ya kila kipande cha udongo cha metri 1 kwa metri 1. Tuchukue shamba la metri 50 kwa 20. Mvua ile inamwanga pale litri 20,000. Ni bidoni 1,000 za litri 20! Kama nyumba yako inatumia bidoni 5 kwa siku, hayo ni maji ya siku 200. Yote yanaweza kupita mbele ya mulango wako kwa saa moja tu, na kesho mutoto wako wa kike anatembea saa mbili kutafuta bidoni moja.

Sisi hatukukosa mvua, wandugu. Huku kwetu milimani mvua inanyesha miezi 8 ama 9 ya mwaka. Tumekosa kuizuia.

HABARI YA WATU WENGINE

Katika inchi ya India, katika jimbo la Rajasthan, kuna wilaya ya Alwar. Kule mvua ni kidogo kuliko kwetu, na karibu yote inanyesha kwa miezi 3 tu. Mwaka wa 1985 kijana mumoja, jina lake Rajendra Singh, alifika kule pamoja na wenzake. Alikuwa amejifunza uganga wa kienyeji wa India, akataka kufungua nyumba ya matunzo. Muzee mumoja wa kijiji akamwambia kwamba watu hawahitaji dawa zake mbele ya maji. Akamuonyesha mabwawa ya zamani ambayo mababu walijenga: ni ukuta wa udongo, umepinda kama mwezi mwembamba, unazuia mvua kwa muteremko ili iingie chini. Wanayaita johad. Yalikuwa yameachwa, yamejaa matope.

Kijana akakubali kufundishwa. Akashika jembe, wanakijiji wakamufuata, kwanza wachache, nyuma wengi. Visima vilivyokauka vikarudisha maji. Muto mumoja unaoitwa Arvari ulikuwa unatiririka wakati wa mvua tu. Kufika mwaka wa 1995 ulikuwa unatiririka mwaka muzima. Vijiji zaidi ya 70 vikafanya baraza lao la kulinda muto ule, wakapatana nani achote kiasi gani na mazao gani yasilimwe, maana waliona kwamba maji yaliyorudi yanaweza kuisha tena. Mwaka wa 2015 Rajendra Singh akapewa zawadi kubwa ya maji kule Stockholm. Lakini alianza kwa kusikiliza muzee. Sisi waganga tunajifunza kitu pale.

"HAYA NI MASHIMO YA WABELGIJI!"

Najua wazee wengine watasema hivyo. Ni kweli. Wakati wa ukoloni baba zetu walilazimishwa kuchimba mitaro kwa milima, na yule aliyekataa aliazibiwa. Uhuru ulipofika mwaka wa 1960, watu wengi waliacha kazi ile kwa furaha, wakafukia mitaro. Hatuwalaumu. Kazi ya fimbo haipendwi hata kama ni nzuri. Lakini leo hakuna anayetushurutisha. Tutachimba kwa ajili ya watoto wetu, mahali tulipochagua sisi wenyewe.

KAZI YENYEWE

1. Mutafute musitari sawa. Mufunge miti miwili kama herufi A, na wa tatu katikati. Mutundike kamba yenye jiwe toka kichwani. Mahali sawasawa, muweke alama pale kamba inagusa muti wa katikati. Halafu mutembeze A ile kwa mulima. Kila mara kamba inapogusa alama, miguu miwili iko usawa mumoja. Mupige vijiti pale. Mutaro usiofuata usawa unageuka mufereji, na utaharibu shamba.

2. Muchimbe mashimo marefu kwa musitari ule: urefu metri 4, upana nusu metri, kwenda chini nusu metri. Katikati ya shimo na shimo muache udongo usiochimbwa. Shimo moja linapokea litri 1,000, ni bidoni 50. Mashimo 20 yanapokea bidoni 1,000, ni ile mvua tuliyohesabu.

3. Udongo muweke upande wa chini, mupande matete juu yake. Yatashika udongo, na mbuzi watapata chakula.

4. Katikati ya mistari mufunike udongo kwa majani makavu. Mupande miti ya kwetu, si mikaratusi.

5. Kila mwaka mbele ya mvua mutoe matope. Shimo lililojaa matope halinywi.

MAMBO MATATU YA KUANGALIA SANA

La kwanza: uchafu. Udongo unachuja, lakini hauchuji kila kitu. Mavi yakiwa juu, mikrobe inaweza kushuka pamoja na maji. Basi, juu ya chemchem kusiwe choo, wala zizi, wala mahali pa kufulia. Choo kiwe upande wa chini, na hata hapo metri 30 zisipungue. Mashimo ya mvua nayo yaanze metri 30 ama zaidi juu ya chemchem. Na musiingize maji ya mabati moja kwa moja ndani ya kisima cha kunywa. Inabeba mavi ya ndege na vumbi, na haikupita udongoni. Kule Afrika ya Kusini, katika muji wa Atlantis karibu na Cape Town, tangu mwaka wa 1979 wanarudisha maji ndani ya muchanga na kuichota tena. Lakini maji machafu ya viwanda wanaitenga na ile ya kunywa. Sisi pia tutenge. Wale wanaokaa juu ya mawe ya volkano, kama watu wa Goma, waangalie mara mbili: kule maji inapita upesi ndani ya mipasuko, haichujwe.

La pili: malaria. Maji ya shimo inapaswa kuingia udongoni kwa siku 3. Mbu anahitaji karibu juma moja ama zaidi kutoka yai mpaka kuruka. Shimo lisilokauka ni nyumba yake. Mulifukie, muchimbe pengine. Na watoto wadogo wasiachwe peke yao karibu na shimo lililojaa.

La tatu: kuporomoka. Pale mulima unasimama sana, ama pale umekwisha kukatika, musichimbe hata shimo moja. Maji mengi ndani ya udongo ule inaweza kuangusha mulima juu ya nyumba. Pale mupande miti na majani tu.

NANI ATATOA KIWANJA?

Hapa ndipo penye ugumu. Yule mwenye shamba kule juu anachimba, na maji inatokea kwa jirani wa chini. Mwenye mikaratusi anauza nguzo zake, na mama wa chini anakosa maji. Tusimuendee na matusi. Wa chini wapande wakachimbe pamoja na wa juu, walete mbegu ya matete, mukaratusi ukomae na kuuzwa mbele ya kung'olewa. Maneno yapatanwe mbele ya chifu na wazee, yaandikwe.

Tena musitazamie kuona kitu kesho. Mulima uliokaa na kiu miaka 30 haushibi kwa mvua moja. Pengine ni miaka 2 ama 3, pengine zaidi, na milima mingine haitarudisha chemchem. Lakini udongo wako utabaki shambani. Kwa hiyo mupime. Kila mwezi wa nane muweke bidoni chini ya tiyo ya chemchem, muhesabu dakika inapojaa, muandike kwa ukuta wa masomo. Mwaka huu dakika 10. Mwaka ujao mutaona wenyewe. Wakati munangoja, maji ya bondeni ichemshwe ama itiwe dawa. Musisahau hilo hata siku moja.

Mama uliye na mutoto pale nyuma, dokta atamuona sasa hivi. Tutamupa dawa, na tunatumaini atapona. Lakini ukirudi kwenu, uite baba yake, mupande mulimani pamoja siku ya mvua, muangalie maji inakimbilia wapi. Kazi yenu itaanza hapo.

Mwenye swali asimame.