Jicho Halijioni



Wanafalsafa wa Vedanta hutoa mfano wa mtu aliyekuta kamba njiani wakati wa magharibi, akaidhani nyoka. Moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka, naye yuko tayari kuapa kwamba amemwona. Waswahili nao wamesema: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hekima hizi mbili zimezaliwa pande mbili za bahari moja, nazo zinatufunza jambo moja: kabla picha haijafika akilini, hofu na kumbukumbu zimekwisha kuiongezea yao.

Haja nayo huongeza. Tumtazame tembo atokaye Serengeti usiku na kuingia katika mashamba ya Bunda. Mkulima aliyekesha akilinda mahindi yake humwona mharibifu. Mgeni aliyeketi katika gari la watalii huona fahari ya dunia. Sisi wafanyabiashara huwaona wageni watakaolala na kununua. Sote twatamka neno moja, tembo, na kila mmoja hudhani ameeleweka. Hivyo ndivyo mazungumzo mengi yanavyoharibika: maneno hukutana, maana zikapishana.

Hata hivyo, kumwona mwenzetu vibaya ni jambo dogo kuliko kutojiona wenyewe. Mzaliwa wa Butiama, Mwalimu Julius Nyerere, alilitafakari sana jambo hili. Mwaka 1962 aliandika kijitabu Tujisahihishe, akiwakumbusha wana-TANU kwamba ukweli haumpendelei mtu, awe mkubwa au mdogo, na kwamba hasara humfika anayeupuuza. Mwaka 1963 ikatoka tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar. Humo Brutus anakubali kwamba jicho haliwezi kujiona lenyewe, naye Cassius anajitolea kuwa kioo chake. Kumbe kioo kile kina shabaha yake. Kinamwonyesha Brutus ukubwa wake tu, hadi anaingia katika njama ya kuua akiamini kwamba anatenda wema.

Kwa hiyo kuwa na kioo hakutoshi; yatupasa tujue kioo chenyewe kinataka nini kwetu. Mwalimu angeweza kuridhika na sifa. Lakini mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, alitoa tathmini yake na kusema wazi kwamba nchi ilikuwa bado haijawa ya kijamaa, wala haijajitegemea.

Ndugu zetu, toleo hili limejaa salamu za pongezi, nasi tunazishukuru. Lakini mfanyakazi anayengojea mshahara hutusifu, na mteja anayetaka kukopa hutusifu pia. Hatuwalaumu, ila sifa zao tusizifanye ushahidi. Tumtafute jirani asiye na haja kwetu, tumkaribishe chai, tumwulize jinsi tunavyoonekana kwa mtu aliyesimama upande wa pili wa meza ya duka. Kisha tunyamaze. Akitaja jambo linalouma, tusikimbilie kujitetea. Tumwongeze chai aendelee.