Umeme Unapogeuka Sumaku
Msikilizaji, chukua msumari mrefu wa chuma, uuzungushie waya wa shaba uliofunikwa plastiki, kisha unganisha ncha zake zilizo wazi na betri ya tochi. Sogeza msumari karibu na pini za chuma: zitanata. Ukikata umeme, zinadondoka. Mkondo upitao kwenye waya huzaa usumaku. Kila mzunguko huongezea mwenzake nguvu, na chuma kilicho katikati huikuza kwa kiasi kikubwa.

Mwaka 1825 Mwingereza William Sturgeon aliinua kilo 4 hivi kwa njia hii. Waya wake ulikuwa mtupu, hivyo mizunguko haikuruhusiwa kugusana. Joseph Henry wa Marekani akauvika waya hariri, akaupanga tabaka juu ya tabaka. Mwaka 1831 sumaku yake ikabeba zaidi ya kilo 900. Hariri, jamani!

Jaribio hili la msumari ni la betri tu, kamwe si soketi ya ukutani. Na unganisha betri kwa sekunde chache, maana waya hupata moto.