Mafuta ya Breki Hunywa Maji

Kijana anayenunua gari kuukuu ili ashindane mwisho wa juma huanza na injini, kisha matairi. Mafuta ya breki huyakumbuka siku pedali inapozama hadi sakafuni, naye yuko mteremkoni.

Sababu ni hii. Mafuta ya kawaida ya breki hunyonya unyevu wa hewa, hata gari likiwa limeegeshwa. DOT 4 ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Sentigredi. Ikishaingiwa na maji, kama asilimia 3.7 tu, kiwango hicho hushuka hadi 155. Kwa dereva wa mashindano, joto hilo si mbali. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea: mguu unakanyaga, gari halisimami.

Basi ununuapo, usitazame kiwango cha mafuta mapya peke yake. Tazama na kile cha yaliyoingiwa na maji. Kwa DOT 5.1 ni 180. Lakini DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye na hizo. Na chupa iliyofunguliwa tangu mwaka jana, usiitumie.

Kubadili si kuongezea juu. Toa ya zamani kwa kila gurudumu, mpaka yaje mapya yasiyo na mapovu, na kikopo cha juu kisikauke.

Injini ikikataa, utarudi nyumbani kwa miguu. Breki zikikataa, huenda usirudi.