Kwa Nini Tito Hakutahiriwa?

Somo letu la leo latoka katika Matendo ya Mitume, mlango wa 15, pamoja na Waraka wa Paulo kwa Wagalatia, mlango wa 2. Mwenye Biblia na afungue. Asiye nayo na asikilize.

Mara nyingi Mkristo huulizwa na jirani yake: "Ninyi mwasema mwaiamini Biblia yote. Mbona basi mwala nguruwe, na Musa alikataza?" Wengi wetu hujibu upesi kwamba hayo ni mambo ya Agano la Kale, yamepita. Jibu hilo halitoshi. Kama yote yamepita, kwa nini twawafundisha watoto wetu Amri Kumi? Torati ilitoka kwa Mungu. Bwana Yesu mwenyewe alitahiriwa siku ya nane, aliingia sinagogi siku ya sabato, aliila Pasaka, tena alisema wazi kwamba hakuja kuivunja torati.

Basi tazameni jambo lililotokea yapata mwaka 49 baada ya Kristo. Watu walishuka kutoka Uyahudi mpaka Antiokia, wakawaambia waamini wa Mataifa kwamba wasipotahiriwa hawawezi kuokoka. Tusiwadharau watu hao. Tohara ilikuwa alama ya agano tangu siku za Ibrahimu. Katika siku za mfalme Antioko, zaidi ya miaka 200 kabla yao, akina mama wa Kiyahudi waliuawa kwa sababu waliwatahiri watoto wao. Alama iliyolindwa kwa damu haiachwi kwa urahisi.

Paulo na Barnaba wakapanda kwenda Yerusalemu. Paulo awaambia Wagalatia kwamba alimchukua Tito, Myunani asiyetahiriwa. Sasa swali lilikuwa juu ya mtu waliyemwona kwa macho: Je, Tito ni ndugu kamili, au ni nusu ndugu? Kitabu cha Matendo chasimulia kwamba Petro alisimama barazani akawakumbusha jinsi Mungu alivyowapa Mataifa Roho Mtakatifu kabla hawajatahiriwa. Yakobo naye akatoa shauri kwamba wasitaabishwe. Wakaagizwa mambo manne tu: wajiepushe na vitu vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, na damu, na nyama ya mnyama aliyenyongwa, na uasherati. Naye Tito hakulazimishwa kutahiriwa.

Lakini fungua mlango wa 16. Paulo yule yule amtwaa Timotheo, ambaye mama yake ni Myahudi na baba yake Myunani, akamtahiri! Je, amegeuka? Hasha. Timotheo alikuwa akienda kuhubiri mahali penye Wayahudi wengi, na Paulo hakutaka awe kikwazo kwao. Kwake tohara ilikuwa njia ya kuwatumikia watu kwa upendo. Kwa Tito ingalikuwa bei ya wokovu. Nao wokovu umekwisha kulipiwa msalabani.

Paulo ailinganisha torati na kiongozi wa mtoto. Kwa Wayunani huyo alikuwa mtumwa aliyempeleka mtoto shuleni na kumwangalia tabia yake. Kazi yake ilikuwa njema, lakini hakuwa mwalimu. Ndivyo torati inavyotuonyesha dhambi zetu na kutushika mkono mpaka kwa Kristo. Kwa hiyo Kanisa letu la Kianglikana, katika Makala ya 7 ya zile Makala 39 za Dini, lafundisha kwamba sheria za Musa za ibada hazimfungi Mkristo, lakini hakuna Mkristo aliye huru asizitii amri za maadili. Twazishika kwa kuwa tumeokolewa, wala si ili tuokolewe.

Kujua hayo ni jambo moja, kuyatenda ni jingine. Huko Antiokia Petro alikula pamoja na Mataifa. Lakini walipofika watu waliotoka kwa Yakobo, akaogopa, akajitenga. Paulo akamkemea mbele ya wote.

Msikilizaji, jambo hili li karibu nasi. Hapa Kenya yako makabila yanayotahiri na yasiyotahiri. Tohara yetu ni mila ya wazee, si agano la Ibrahimu. Hata hivyo tumeifanya kipimo cha mtu: huyu ni mwanamume, yule ni mtoto tu, hawezi kutuongoza. Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wako wanaume waliokamatwa wakatahiriwa kwa nguvu kwa sababu ya kabila lao. Mambo hayo yalitendeka katika nchi iliyojaa makanisa. Ikiwa mitume walikataa kuifanya alama aliyoiweka Mungu mwenyewe kuwa kizuizi kwa ndugu, sisi tutapata wapi ruhusa ya kuzifanya mila zetu kuwa kizuizi?

Jumapili utakapopiga magoti kupokea Ushirika Mtakatifu, fikiri ni nani aliye kulia kwako na kushoto kwako. Kama yuko mtu ambaye moyoni umemhesabu kuwa nusu ndugu, kwa kabila lake, au kwa nguo zake, au kwa lugha yake, usiishie kumsalimu mlangoni. Mkaribishe nyumbani, mle pamoja. Hapo ndipo Petro aliposhindwa Antiokia, na hapo ndipo imani yetu inapojulikana.

Na tuombe. Ee Bwana Mungu wa Ibrahimu, twakushukuru kwa torati yako iliyo njema, na kwa Mwana wako aliyeitimiza. Utusamehe nira tulizowatwika wenzetu. Utupe kuzishika amri zako kwa upendo, na kumpokea kila mtu uliyempokea wewe. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.